Nsansa Bwaloni

Mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba, ndugu wa ukoo walikaa uani kwetu Ntalikwa wakatugawa. Baba mdogo wa Urambo, mkulima wa tumbaku, alimtaka mdogo wangu wa kiume kwa sababu alikuwa na mikono mirefu ya kuchuma majani. Shangazi wa Puge alimtaka mdogo wetu wa kike amsaidie maji na kuni. Kitinda mimba hakuna aliyemtaja. Mimi nilikuwa darasa la sita na ndevu zilikuwa zimeanza kuota, kwa hiyo wakaona nitajijua mwenyewe.

Nikasimama, nikasema, "Hatugawanywi."

Baba mdogo alicheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alizoea kucheka kabla ya kufikiri. "Utawalisha nini?"

"Tutakula tutakachopata."

"Basi kuleni nsansa," akasema, na watu wote wakacheka naye. "Siku ukishindwa nitapanda treni nije kuwachukua. Wala sitapiga hodi."

Sikurudi shuleni. Daftari zangu nilimpa mdogo wangu, akaandika kwenye kurasa zilizobaki.

Na kweli tulikula nsansa. Kwa asiyeijua, nsansa ni majani ya kunde. Unayachuma machanga wakati wa mvua, unayachemsha, unayaanika juu ya mwamba mpaka yakauke kabisa, halafu unayaweka ghalani. Kiangazi kikifika, mashamba yamekuwa vumbi, unayaloweka, unayachemsha tena, unamwaga maji, kisha unayaunga kwa karanga mbichi zilizopondwa. Moto uwe mdogo na mwiko usitulie, maana karanga ukizipa kisogo zinafurika au zinashika chini. Mama alinifundisha akiwa kitandani, mimi nikiwa jikoni, akinielekeza kwa kusikiliza sauti ya chungu. "Punguza moto," alisema, na hakuwa anauona.

Kwetu nsansa haikuwa aibu ukiwa peke yako na wanao. Aibu ilikuwa kumpa mgeni. Mgeni alichinjiwa kuku, na kama kuku hayupo, alikopwa kwa jirani. Nyumba iliyompa mgeni nsansa tupu ilisemwa kisimani mwezi mzima. Na mwanamume kuipika ilisemwa zaidi. Nilisemwa sana. Nilikuwa natwanga karanga huku wanawake wakipita na ndoo, na wengine walisimama wakaniuliza kama nimeshapata bwana wa kunioa. Niliwaambia bado natafuta mwenye ng'ombe wengi.

Miaka minne baadaye tulikuwa Tabora mjini, wanne katika chumba kimoja, na mimi nilikuwa kibarua katika jiko la chuo cha ualimu. Nilipasua kuni, niliosha masufuria ambayo mtu angeweza kulala ndani yake, nilichambua maharage. Mpishi mkuu aliniahidi kwamba mwaka ukiisha vizuri angeniombea barua ya ajira. Bila barua hiyo kibarua huondolewa siku yoyote kwa neno moja, na baba mdogo aliulizia habari zangu kwa kila mtu aliyeshuka Urambo kutoka mjini.

Mpishi mkuu alikuwa mtu wa mjini hasa. Mababu zake walifika na misafara, wakabaki, wakapanda miembe na kujenga msikiti. Alivaa kofia nyeupe hata mbele ya moto, na pilau lake lilimfanya mtu asahau madeni yake. Mimi aliniita "mtoto wa porini" lakini kwa upole, kama mtu anayetaja rangi ya paka wake.

Ilikuwa miaka ya ukame. Watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, mahindi yalikuwa haba, ugali ulisongwa kwa unga wa njano ulioletwa kwa meli, na mwenye bucha alileta nusu ya nyama aliyoagizwa, au mifupa na pole. Ndipo wakaja wanafunzi wawili wa mazoezi.

Walitoka chuo cha lishe. Mmoja alikuwa binti wa Tanga, mwenye miwani na sauti ya kusoma taarifa. Mwenzake alikuwa kijana mrefu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubeba mabango. Chuo chao kiliwatuma kukaa kwetu muhula mzima na kuwashawishi wanafunzi wale vyakula vya mimea: kunde, karanga, mboga za majani. Walimu hawa watarajiwa wangekwenda kufundisha vijijini, mkuu wa chuo alisema, na vijiji vingekula walichojifunza kula hapa. Lilikuwa wazo zuri. Hadi leo nasema lilikuwa zuri.

Walianza na soya. Hakuna aliyejua kuipika, nao walikuwa wameisoma tu kitabuni. Tuliichemsha kama maharage, ikatoa harufu ya gunia lililolowa dizeli, na alasiri ile vipindi vya hesabu viliendeshwa madirisha yote yakiwa wazi. Kesho yake mtu aliandika kwa chaki mlangoni mwa bwalo: SISI SI TREKTA. Wiki ya pili walijaribu mchicha uliochemshwa, kila mwanafunzi akapakuliwa kifungu kimoja cha kijani kando ya ugali wa njano. Masufuria yalirudi jikoni yamejaa, nami ndiye niliyeyamwaga.

Siku moja mchana yule binti wa lishe alinikuta nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni, nakula chakula changu nilichotoka nacho nyumbani.

"Unakula nini, kaka?"

"Mboga."

"Naona ni mboga. Mboga gani?"

"Ya porini. Hutaipenda."

Alikaa juu ya gogo na sketi yake nzuri, akanawa kwa maji ya kopo langu, akamega tonge. Alitafuna. Akamega la pili bila kuuliza. La tatu lilipoingia nilianza kuwa na wasiwasi na mlo wangu.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Nani amekufundisha?"

"Marehemu mama."

Alivua miwani akaifuta. "Kaka, wewe unapakua mchicha wangu kila siku unaniangalia naaibika, na hiki unakila huku nyuma umejificha?"

Nilimwambia sijajificha, nimekaa kivulini. Lakini alikuwa amesema kweli.

Mpishi mkuu alipoambiwa, aliweka mwiko chini. "Nsansa? Bwaloni? Wallahi, mwanangu, hiki ni chuo cha serikali. Watasema tumefilisika." Binti alimbembeleza siku mbili. Mwishowe alikubali kwa sharti, na sharti alinipa mimi. "Masufuria yakirudi yamejaa kama ya mchicha, siendi kwa mkuu kukutetea. Wazo ni lako, na lawama yako. Utachukua nguo zako ukachume hayo majani kwenu."

"Sawa, Mzee."

"Usiniambie sawa upesi hivyo. Una watoto wale."

"Ndiyo maana nasema sawa."

Wadogo zangu na mimi tulikwenda Ntalikwa Jumapili, tukazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya nsansa. Wanawake walewale wa kisimani walitujazia magunia. "Za wasomi?" waliuliza, wakaishika midomo yao kuzuia kicheko. "Waambie wakimaliza tunazo nyingine."

Jumatano nilifika jikoni kabla ya jua. Niliponda karanga mpaka mabega yakawaka. Sufuria tatu kubwa, na mimi nikizunguka kutoka moja hadi nyingine na mwiko kama mtu anayechunga. Ilipoiva, mpishi mkuu alipita, akanusa, akarudi kunusa tena. Kwake hilo lilikuwa jambo.

Nilishauri jambo moja tu: tusipakue vifungu vifungu kwenye sahani. Nsansa huwekwa bakuli moja katikati, watu wanaizunguka, kila mkono unajua mwenzake anakula nini. Tukafanya hivyo, bakuli moja kila meza.

Sasa ni lazima nieleze kosa letu, maana lilikuwa kosa la adabu. Tangu siku ya kwanza wanafunzi wale wawili wa mazoezi walikula pamoja na walimu, katika chumba kidogo kilichoshikana na bwalo. Na walimu walipikiwa nyama, hata wiki za mifupa. Binti aliwahi kuomba ale kile anachokihubiri. Mpishi mkuu alikasirika kama ametukanwa. "Mgeni wangu hali majani nikiwa hai," alisema, akampa paja la kuku. Hata mimi niliona amefanya sawa. Sisi sote wa kule jikoni, wa mjini na wa porini, tulilelewa hivyo, wala hakuna aliyefikiri kwamba wanafunzi wana pua.

Walikuwa nazo. Walipokaa mezani siku ile, binti akasimama mbele yao na bango lake la rangi, kutoka chumba cha walimu ilikuja harufu ya mchuzi wa mbuzi, taratibu, ikapita juu ya mabakuli yote.

Aliyesimama alikuwa kiranja wa chakula, Msukuma mpana, mtoto wa wafugaji. "Ndugu mtaalamu," alisema, "naomba kuuliza."

"Uliza, ndugu."

"Kwetu majani tumewaachia ng'ombe, na sisi tunamngoja ng'ombe. Ni mgawanyo wa kazi." Bwalo zima likacheka. "Lakini hilo si swali. Swali ni hili. Wewe jana umekula nini?"

Binti aligeuka kutazama mlango wa chumba cha walimu.

"Na juzi?"

"Kuku!" sauti ikapigwa kutoka nyuma. "Alikula kuku, nimeona mifupa!"

"Basi wenye kuku wanatufundisha majani," kiranja akasema. "Nyerere alituambia wote ni ndugu. Huu ni undugu gani?"

Wakaanza kugonga sahani. Mlio wa sahani za bati mia na zaidi zikigongwa mezani hauingii masikioni tu, unaingia kwenye meno. Wengine walikuwa wameshainuka kuelekea mlangoni. Mabakuli hayajaguswa. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la kupakulia, naangalia mvuke ukipungua juu ya nsansa, na nilichokiona mbele yangu ni baba mdogo akishuka kwenye treni. Nilimwona kabisa, hadi kofia yake.

Kulikuwa na sheria: mfanyakazi wa jikoni haingii bwaloni wakati wa mlo. Anapakua, anarudi nyuma, anangoja vyombo. Iliandikwa ukutani, na mimi ndiye niliyeifuta vumbi kila Jumamosi.

Nilifungua mlango nikaingia na aproni yangu yenye majivu. Nilikwenda meza ya kiranja, nikanawa kwenye beseni lao, nikavuta kiti, nikakaa.

"Mpishi, umepotea?" kiranja akaniuliza. Karibu na sisi sahani zilinyamaza kidogo, wapate kusikia.

"Sijapotea. Kwenu pombe ikipikwa, nani anaanza kunywa?"

"Mwenye mtungi."

"Kwa nini?"

"Ili tujue hajatuwekea kitu."

"Basi mwenye mtungi nimekuja."

Nikamega tonge, nikachota nsansa, nikala. Nikamega la pili. Njaa nilikuwa nayo, tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu mdomoni, kwa hiyo sikuigiza. Meza za jirani zikaacha kugonga. Nilikula kama ninavyokula nyumbani, nimeinama, mkono wa kushoto gotini.

"Nimewalea wadogo zangu watatu kwa mboga hii," nikasema. Sikupandisha sauti. "Wa kwanza anakimbia kuliko yeyote humu. Babu wa baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, kwa miguu, na kurudi. Kiunoni alifunga nsansa na michembe ya viazi vilivyokaushwa. Hakufunga ng'ombe. Asiyetaka asile. Lakini asiseme ni chakula cha ng'ombe, kwa sababu mimi si ng'ombe, na mama yangu hakuwa ng'ombe."

Nikalisukuma bakuli kuelekea kwao.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekaa pembeni ya meza alinyoosha mkono akachota. "Hii ni ya kwetu Sikonge," alisema, akiitazama sahani yake. "Bibi anaipika hivihivi. Nilikuwa naona haya kusema." Akachota tena, na yule wa kando yake naye akachota.

Kiranja aliliangalia bakuli likipungua. Alikuwa na msimamo, lakini alikuwa pia na tumbo. Akamega tonge dogo, la kujaribu, kama mtu anayepima maji kwa kidole.

"Karanga hizi kaponda nani?"

"Mimi."

"Mwanamume?"

"Ulitaka zipondwe na ng'ombe wako?"

Alicheka mpaka akakohoa, na tonge lililofuata halikuwa dogo. Binti wa lishe alikuwa ameweka bango sakafuni. Alivuta kiti kwenye meza ya jirani, akanawa, akala nao, miwani imejaa mvuke. Sisemi wote walikula. Meza mbili zilitoka nje zikaenda kununua mihogo barabarani. Lakini sufuria mbili kati ya tatu ziliisha.

Saa nane niliitwa kwa mkuu wa chuo. Mpishi mkuu alikuwepo, amesimama kando ya kabati, ananitazama viatu.

"Nani alikuruhusu kuingia bwaloni?"

"Hakuna, Ndugu Mkuu."

"Sheria unaijua?"

"Naijua."

"Utarudia?"

Nilijua jibu linalotakiwa. Mtu mwenye watoto watatu nyumbani angelitoa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini nilikuwa nimechoka kula kivulini. "Chakula changu kikigomewa bila kuonjwa, nitarudia."

Mkuu aliandika kitu, akasema niende nyumbani hadi nitakapoitwa. Mpishi mkuu aliendelea kutazama viatu vyangu. Njiani nilirudia jibu langu mara nyingi, nikijaribu kulijutia, sikuweza.

Habari mbaya hupanda treni bila tiketi. Jumamosi baba mdogo alifika, na kama alivyoahidi, hakupiga hodi. Alikuwa na magunia mawili matupu ya nguo za watoto. Wadogo zangu walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akihesabu nani amerefuka. Mdogo wetu wa kike alisimama nyuma yangu akashika shati langu. Hakuwa ameshika shati langu tangu msiba.

"Umefukuzwa," baba mdogo akasema.

"Nimeambiwa ningoje."

"Kibarua haambiwi angoje."

"Kaa kwanza, baba. Umetoka mbali."

Nilimtengea chakula. Kuku hakukuwa, na kwa jirani sikwenda kukopa. Niliweka ugali na bakuli la nsansa mbele ya mgeni, mkubwa wangu, ndugu wa baba yangu, nikaona uso wake ukibadilika. Kabla hajasema, nilinawa nikala tonge la kwanza mimi.

"Unanipa nsansa?"

"Ulituambia tule nsansa. Tumekula miaka minne. Huyu hapa yuko darasa la saba, huyu la nne, huyu ameanza la kwanza. Watazame wote watatu, kisha uniambie ni yupi amekosa nini." Nilimmiminia maji ya kunawa. "Kazi nikiipata au nikiikosa, hatugawanywi. Magunia yako nitayajaza michembe, ubebe zawadi."

Aliyatazama magunia yake. Kisha akanawa. Alikula bakuli lote, polepole, bila kututazama, na alipomaliza alilamba kidole akasema, "Anapika kama shemeji," akilisemesha bakuli. Alirudi Urambo Jumapili na michembe gunia moja. Gunia la pili alilikunja akaliacha mlangoni, akasema litatufaa.

Jumatatu mchana nilikuwa nachanja kuni uani nilipoona kofia nyeupe ikija kwa kasi kati ya nyumba. Sikuwa nimewahi kumwona mpishi mkuu akitembea haraka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba. Vaa shati."

"Wamegoma tena?"

"Wamegoma!" Alijipangusa jasho. "Mkuu kasema nsansa iwe Jumatatu na Jumatano, yule msichana kamwandikia karatasi ndefu. Nikapika mimi. Miaka thelathini mbele ya moto, mwanangu, na karanga zimenishika chini kama lami. Kiranja kaja dirishani kuniuliza yuko wapi mwenye mtungi. Mimi! Kuniuliza mimi!"

"Na barua yangu?"

"Iko kwa karani, imepigwa mhuri. Nimeisimamia mwenyewe, usinitazame hivyo."

Niliweka shoka chini. Wadogo zangu walikuwa mlangoni, wote watatu, wanasikiliza. "Nitakuja, Mzee. Lakini napita mlango wa bwalo, na nikimaliza kupika nakaa mezani nile nao."

Alinitazama, akaitazama anga, akaipandisha kofia yake.

"Pita hata darini," akasema. "Ila pita upesi, nimeacha sufuria ya pili jikoni na nadhani sasa hivi inafurika."